Bunduki ya Komeo la Mlango

Ukiwakuta vijana wakibishana kuhusu bunduki, maswali huwa ni yale yale. Ipi hupiga mbali? Ipi haikwami ikiingia matope? AK au G3? Kila mtu ana jibu, na wengi wamelipata kwenye filamu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza maswali ambayo mzee aliyewahi kuibeba angeuliza kwanza: risasi zake zinatoka wapi? Nani atakuletea chakula ukiwa umeibeba? Na siku ukipatikana nayo, sheria itakufanya nini?

Hapa Kenya tuna kipindi ambapo maswali hayo yote yaliulizwa kwa mpigo, na majibu yake yakalipiwa kwa maisha ya watu. Ni ile miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipoitangaza, hadi 1960 ilipoondolewa rasmi. Jina lenyewe lina kichekesho chake. Hatari kwa nani? Kwa skwota aliyefukuzwa shambani Bonde la Ufa akiwa na mke, watoto na mbuzi wawili, hatari ilikuwa imefika kitambo. Serikali iliipa jina tu siku ilipoanza kubisha kwenye mlango wake yenyewe.

Historia ya vita vya Mau Mau imeandikwa sana kwa upande wa viapo, mashamba na siasa. Hapa nataka tuitazame kwa jicho la fundi na la mpishi: watu walishika nini mkononi, walikipata wapi, na kiliwafaa au kiliwaponza.

Mlango uliofungwa mapema

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kukubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba bunduki na biashara hiyo zilitembea pamoja kwenye njia za misafara kutoka pwani. Lakini angalia matokeo. Kilichobaki mikononi mwa Waafrika wengi kilikuwa gumegume na gobori, zile bunduki za kushindiliwa baruti kupitia mdomoni, ambazo ukishapiga mara moja adui ana nafasi ya kukufikia kabla hujamaliza kushindilia tena. Waliotia saini Brussels wao walikuja na bunduki za kujaziwa kwa nyuma, na bombomu za Maxim juu yake. Wanandi walipopigana na Waingereza hadi 1905, mwaka aliouawa Koitalel arap Samoei, walikuwa mashujaa wa mkuki na mshale dhidi ya mashine.

Baada ya nchi kutwaliwa, mlango ukafungwa kabisa. Mwafrika wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kumiliki bunduki. Mlowezi alikuwa nayo ya kuwindia, nyingine ya kulindia ng'ombe, na bastola ya kulala nayo. Mwafrika aliishika bunduki kwa sababu moja tu: aliajiriwa kumpiga mtu mwingine kwa niaba ya serikali. Alikuwa askari polisi, au alikuwa askari wa King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee wetu waliita "Keya".

Basi Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, serikali hiyo hiyo iliyoficha bunduki ikaanza kuzigawa. Karibu Wakenya 100,000 waliandikishwa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma, na mwaka 1944 ikapigana kwenye bonde la Kabaw, ndani ya mvua, matope na malaria. Huko vijana wa kutoka Nyeri, Kitui, Kisumu na kwingineko walifundishwa mambo ambayo sheria za nyumbani zilitaka wasiyajue kamwe. Jinsi ya kulala mwituni bila kuwasha moto. Jinsi ya kuvizia njia. Na jinsi ya kuitunza Lee-Enfield.

Bunduki iliyojulikana

Lee-Enfield haikuwa bunduki ya maringo. Ni chuma na mti, uzito wake kama kilo nne, na magazini yake huchukua risasi kumi. Ukishapiga, unavuta komeo nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Hakuna umeme wala springi nyingi za kuharibika. Mtu aliyezoezwa aliweza kupiga haraka bila kuondoa kitako begani. Ikichafuka, unaisafisha kwa kitambaa na mafuta kidogo.

Lakini sifa yake kubwa kwa mtu wa msituni haikuwa kwenye chuma. Ilikuwa kwenye risasi. Lee-Enfield hutumia risasi ya .303, na hiyo ndiyo iliyokuwa risasi ya jeshi la Uingereza, ya KAR, na ya polisi. Kwa maneno mengine, ghala la adui lilikuwa pia ghala lako, ukiweza kulifikia. Bunduki nzuri ya kuwindia tembo, iliyoibwa kwa mlowezi, ingeweza kuangusha nyumba. Lakini risasi zake zikiisha, umebaki na rungu la bei ghali.

Waruhiu Itote alilijua hilo. Aliingia jeshini 1942, akapigana Burma, akarudi na kufanya kazi ya reli kabla ya kuingia msitu wa Mlima Kenya na kujulikana kama Jenerali China. Stanley Mathenge naye alikuwa mkongwe wa vita hivyo. Watu kama hawa hawakuhitaji kuambiwa bunduki ipi ni nzuri. Walijua kwa mikono yao. Shida yao ilikuwa nyingine: ile nzuri ilikuwa imeshikwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa hai.

Fundi wa bomba

Walioingia Nyandarua na Kirinyaga mwishoni mwa 1952 na 1953 walikuwa maelfu. Wengi walikuwa na panga, simi na mikuki. Bunduki za kiwandani zilikuwa chache mno, nyingi zikiwa zimeibwa kwa walowezi au kunyang'anywa polisi. Ndipo mafundi wakaingia kazini.

Hawa hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa maseremala, wahunzi, mafundi wa baiskeli, watu waliofanya kazi kwenye gereji za Nairobi na karakana za mashamba. Walichukua walichokuwa nacho. Mtutu ulitokana na bomba la maji. Kitako kilichongwa kwa mti wa msituni. Komeo la mlango, lile la kawaida la kusukuma, likawa ndilo la kugonga risasi. Nguvu ya kulisukuma ilitoka kwenye mpira uliokatwa kutoka tyubu ya gurudumu. Zingine zimehifadhiwa hadi leo, hata kule London kwenye Imperial War Museum, na ukiitazama picha yake utacheka kwanza. Inafanana na kitu alichotengeneza mtoto. Halafu utaacha kucheka.

Kwa sababu fikiria. Risasi ya .303 inapolipuka ndani ya mtutu, presha yake ni mamia ya mara kuliko ile ya maji kwenye bomba la nyumbani. Mtutu wa kiwandani hutengenezwa kwa chuma maalumu kuihimili. Bomba la maji lilitengenezwa kupeleka maji jikoni. Kwa hiyo kila aliyeiinua bunduki hiyo alikuwa anacheza kamari na uso wake mwenyewe. Mara nyingine risasi ilitoka. Mara nyingine haikutoka. Mara nyingine bomba lilipasuka, na aliyeumia akawa mwenye kupiga. Hata ilipofanya kazi vizuri, ilipiga mara moja tu, na bomba halina ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi iende moja kwa moja. Ukitaka kumpata mtu, ulihitaji kuwa karibu naye kiasi cha kumsikia akikohoa.

Sasa mtu atauliza: kwa nini basi waliibeba? Kulikuwa na sababu, na zote zina mantiki. Kwanza, gizani, kwa mbali, homugadi mwenye hofu hakuweza kutofautisha bomba na Lee-Enfield. Alichoona ni kundi la watu wenye bunduki. Pili, mlio wenyewe ulikuwa silaha. Tatu, na hii ndiyo kubwa, bunduki ya bomba haikuwa ya kupigania vita. Ilikuwa ya kutafutia bunduki nyingine. Ukimvizia askari mmoja kwenye kona ya njia, hatua tano, unahitaji risasi moja tu itoke. Ikitoka, unarudi na Lee-Enfield yake, na bomba unampa mwenzako anayesubiri zamu.

Usiku wa Naivasha

Mfano mkubwa wa hesabu hiyo ulionekana usiku wa tarehe 26 Machi 1953. Kundi la wapiganaji wapatao themanini, wachache tu kati yao wakiwa na bunduki, walivamia kituo cha polisi cha Naivasha. Hawakuwa na silaha za kutosha kushinda vita. Walichokuwa nacho ni habari sahihi: walijua kituo kilivyo, walijua silaha ziko wapi, na walijua saa ya kwenda. Waliondoka na karibu bunduki hamsini, zikiwemo za kumimina risasi mfululizo, na maelfu ya risasi, wakapakia kwenye lori. Wafungwa 173 waliachiliwa kutoka kambi iliyokuwa hapo. Kwa usiku mmoja walipata silaha ambazo fundi wa bomba asingeweza kuzitengeneza maishani mwake.

Usiku huo huo, kule Lari, mambo yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Nyumba za watu walioonekana kuwa upande wa serikali zilichomwa, na waliotoroka moto wakakatwa. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Homugadi wa eneo hilo walikuwa wametoka doria. Kisha, kabla ya mapambazuko na siku zilizofuata, kisasi kikaua wengine wengi. Sehemu kubwa ya mauaji ya washambuliaji haikuhitaji hata bunduki moja. Ilikuwa panga, petroli na mlango uliofungwa kwa nje.

Mambo haya mawili ya usiku mmoja ni lazima yasomwe pamoja. Anayesimulia Naivasha peke yake anatunga hadithi ya ushujaa; anayesimulia Lari peke yake anatunga hadithi ya unyama. Na kwa mada yetu kuna somo la wazi: kwa raia wa kawaida aliyelala nyumbani kwake Lari, swali la bunduki ipi ni bora halikuwa na maana. Kilichomuua ni kwamba jirani alikuwa amegeuka adui, na hakukuwa na mtu wa kuja akipiga kelele.

Meza ya mlowezi

Upande wa pili wa ukuta, walowezi nao walikuwa wakijiandaa. Picha na maandishi ya wakati ule yanaonyesha maisha ya ajabu: mwanamke mezani, sahani ya supu mbele yake, bastola pembeni mwa kijiko. Watu walioga wakiwa na bunduki karibu na beseni. Wafanyakazi walitolewa nje ya nyumba jua likizama, milango ikafungwa. Wengi wakajiunga na akiba ya polisi.

Je, maandalizi hayo yalisaidia? Wakati mwingine, ndiyo. Mapema Januari 1953, karibu na Nyeri, wanawake wawili waliokuwa wakiishi pamoja walivamiwa jioni. Walikuwa wamekaa na silaha karibu yao, wakapiga, na washambuliaji wakashindwa. Habari hiyo ilienea kwa walowezi kama mahubiri: kaa na bunduki yako.

Lakini wiki tatu baadaye, tarehe 24 Januari, kule Kinangop, Roger Ruck, mkewe Esme aliyekuwa daktari, na mtoto wao Michael wa miaka sita, waliuawa kwa panga. Ruck aliitwa nje na mfanyakazi wake mwenyewe, mtu aliyemjua na kumwamini, akatoka. Hakuna bunduki ya kukukinga na sauti unayoiamini. Mauaji ya mtoto huyo yalizitikisa familia za walowezi kuliko jambo lolote, na siku mbili baadaye walowezi waliandamana hadi nyumba ya Gavana Nairobi wakidai hatua kali zaidi. Mwisho wa vita, walowezi raia waliouawa walihesabiwa kuwa 32. Waafrika raia waliouawa na Mau Mau, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 1,800. Na wapiganaji waliouawa, kwa hesabu hiyo hiyo, walizidi 11,000. Ukiangalia nani alikuwa na bastola kwenye meza na nani hakuwa, takwimu hizi zinajieleza.

Risasi kwenye kiondo

Turudi msituni. Bunduki imepatikana, iwe ya Naivasha au ya bomba. Sasa inakula nini?

Risasi ndiyo iliyokuwa kitu adimu kuliko vyote, na njia yake ilipitia mikononi mwa watu wasioshika bunduki. Wafanyakazi wa kambi za jeshi walizitoa moja moja. Makarani, madereva wa teksi, wafagiaji. Wanawake wa Nairobi, wakiwemo waliouza pombe na waliowapokea askari usiku, walizipata kutoka kwa askari hao hao. Halafu zikasafiri: ndani ya kiondo chini ya viazi, ndani ya kibuyu, kwenye nguo ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Pamoja nazo zilisafiri dawa, viatu, chumvi, barua na unga. Nairobi ilikuwa ghala la msitu.

Waingereza walielewa hivyo, na ndiyo sababu pigo lao kubwa halikupigwa msituni. Tarehe 24 Aprili 1954, askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mtaa kwa mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani, wakapangwa mistari, wakachujwa. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini. Hakuna mlima uliotekwa siku hiyo. Kilichotekwa ni soko, dobi, kituo cha teksi na chumba cha kupanga. Na kuanzia hapo, bunduki za msituni zikaanza kufa njaa.

Sheria nayo ilikuwa imefanya kazi yake. Mwaka 1953 serikali ilipanua adhabu ya kifo hadi kwenye makosa ambayo kabla ya hapo yangekupeleka jela tu. Kupatikana na bunduki bila idhini: kitanzi. Kupatikana na risasi: kitanzi. Kuandamana na watu wenye silaha: kitanzi. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile, na sehemu kubwa yao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu. Jenerali China alipokamatwa Januari 1954 akiwa amejeruhiwa, hakushtakiwa kwa vita alivyoviongoza. Alishtakiwa kwa kuandamana na watu wenye silaha na kupatikana na risasi, na akahukumiwa kifo kabla ya adhabu hiyo kubadilishwa.

Hebu pima uzito wa jambo hilo kwa yule mama mwenye kiondo. Mpiganaji msituni alikuwa na miti ya kujificha na wenzake wa kumlinda. Yeye alikuwa na kizuizi cha barabarani, askari mwenye haraka, na risasi tatu chini ya viazi. Risasi hizo kwake hazikuwa na bunduki. Zilikuwa na kamba tu.

Handaki

Baada ya Anvil ikafuata kazi ya majembe. Kuanzia katikati ya 1954 watu zaidi ya milioni moja waling'olewa kwenye boma zao zilizotawanyika na kukusanywa katika vijiji vya dharura zaidi ya 800, vimezungushiwa seng'enge na mitaro yenye vijiti vilivyochongwa, homugadi akiwa juu ya mnara. Wanakijiji wenyewe, wengi wao wanawake, walilazimishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu wa Mlima Kenya, la maili hamsini. Mashamba ya karibu na msitu yalifyekwa ili asipatikane hata muhogo wa kuiba usiku.

Huku juu, ndege za Lincoln za jeshi la Uingereza zilimwaga mabomu msituni kuanzia 1953 hadi 1955. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha kubwa kuliko zote katika vita hivyo, na moja ya zilizofaa kidogo kuliko zote. Iliua tembo na vifaru, ikakata miti, na mara chache ikampata mpiganaji. Jembe la mama aliyelazimishwa kuchimba handaki lilifanya kazi ambayo bomu la ndege halikuweza: lilimtenga mwenye bunduki na mwenye chungu.

Waliobaki msituni baada ya hapo walisimulia maisha ya asali, mitego ya wanyama, na ngozi badala ya nguo. Lee-Enfield ya Naivasha ilikuwa bado ina uwezo wa kupiga. Aliyeishika ndiye hakuwa na nguvu. Halafu ikaja mbinu ya mwisho: wapiganaji waliokamatwa na kugeuzwa, wakarudishwa msituni na maofisa kama Ian Henderson, wakiwa na nywele zile zile, ngozi zile zile na nyimbo zile zile, kuwawinda wenzao. Kwa mara nyingine tena, kama kwa Ruck, sauti iliyoaminiwa ilishinda bunduki.

Bastola ya Kimathi

Tarehe 21 Oktoba 1956, asubuhi, Dedan Kimathi alipigwa risasi ya paja na kukamatwa ukingoni mwa msitu upande wa Nyeri. Alikuwa amevaa ngozi ya chui. Alikuwa na bastola na risasi sita. Mahakama iliyokaa Nyeri mwezi uliofuata haikumshtaki kwa uasi wala kwa mauaji ya mtu yeyote. Ilimshtaki kwa kumiliki bastola hiyo na risasi hizo. Yeye alidai kuwa alikuwa akitoka kwenda kujisalimisha. Hakuaminiwa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kaburi lake familia haikuonyeshwa.

Serikali ilikuwa na chaguo hapo. Kesi ya uasi ingeleta mahakamani mambo ya ardhi, kodi, kipande na vizuizi. Kesi ya bastola ilihitaji tu bastola mezani na askari wa kusema ilikotoka. Hivyo silaha aliyoibeba ili kulinda maisha yake ndiyo iliyorahisisha kuyachukua. Sisemi kwamba bila bastola angepona. Wangepata njia nyingine. Nasema tu kwamba, katika Hali ya Hatari, bunduki ilikuwa na midomo miwili. Mmoja unamtazama adui, mwingine unakutazama wewe.

Sanamu yake iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007, kwenye barabara yenye jina lake, ameshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Ni sanamu nzuri na ilichelewa sana. Lakini anayepita pale anaweza kudhani kwamba vita vile vilikuwa vya watu wenye bunduki. La. Vilikuwa vya watu waliozitafuta.

Kujiandaa ni nini?

Wazee husema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja cha moto hakiwaki peke yake. Ukiisoma miaka ile kwa makini, karibu kila mahali ambapo bunduki ilifaa, ilifaa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu: aliyechora ramani ya kituo cha Naivasha kichwani mwake, aliyelipata lori, aliyeficha, aliyepika, aliyenyamaza alipoulizwa. Na karibu kila mahali iliposhindwa, haikushindwa kwa sababu ya masafa yake wala uzito wake. Ilishindwa kwa sababu watu hao walikuwa wametengwa, wamefungwa, wamenyongwa au wamegeuzwa.

Hilo si jambo la zamani tu. Katika kaunti za kaskazini na Bonde la Ufa, familia za wafugaji bado huuza mifugo zinunue bunduki, kwa sababu jirani anayo na polisi wako mbali. Siwezi kumcheka mtu wa namna hiyo. Ng'ombe wake wakichukuliwa, hana benki nyingine. Lakini jirani naye anafanya hesabu hiyo hiyo usiku huo huo, na kila nyumba inapojiandaa peke yake, hatari inakua badala ya kupungua. Akiba haiozi, ndiyo, lakini akiba ya risasi haijawahi kulisha kijiji wakati wa ukame. Kilicholisha ni chakula kilichohifadhiwa, maji yaliyochimbwa, na wazee wa pande mbili waliokuwa bado wanaongea.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa fidia ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya wazee 5,228. Hawakulipwa kwa kuwa waliwahi kubeba bunduki. Walilipwa kwa mateso waliyofanyiwa wakiwa wamezuiliwa, mikono mitupu. Miongoni mwao walikuwemo wanawake, na wengine walifika wakitembea kwa fimbo.

Kwa hiyo siku ukiiona ile bunduki ya bomba, kwenye jumba la makumbusho au kwenye picha, na komeo lake la mlango na mpira wake uliokauka, usiishie kuuliza kama ilipiga mbali. Uliza komeo lilitolewa kwenye mlango wa nani, nyumba hiyo ililalaje usiku huo, na nani alikuwa amembebea chakula huyo aliyeishika.